Kisanduku cha Eleza

Katika kampuni ile ya maghala walimwita Fundi Fomu, na jina hilo lilimganda kuliko alilopewa na mama yake. Programu ya ofisi ilinunuliwa ikiwa tayari, ikaja na fomu zake kavu kavu: jina hapa, tarehe pale, tuma, kwaheri. Yeye ndiye aliyezivisha nguo. Aliziandikia skripti, yaani mistari michache ya maagizo inayojibanza nyuma ya fomu mtu asiione, na fomu zikaanza kuwa na akili. Ukiomba likizo, fomu inakuhesabia siku zilizobaki. Ukikosea tarehe, kisanduku kinageuka chekundu kabla hujatuma. Ukisema huna watoto, maswali ya watoto yanajiondokea yenyewe, taratibu, kama mgeni anayejua wakati wa kuaga.

Huko kuondoka taratibu ndiko alikokupenda kupita yote. Alitumia wiki nzima kuutafuta mwendo wake, kisanduku kisitoweke ghafla wala kisijivute, na kila aliyekanyaga chumbani kwake alionyeshwa, atake asitake.

"Ona. Ndiyo, kinafunguka. Hapana, kinakwenda zake. Umeona?"

Watu walisema wameona. Wengi wao walikuwa wamefuata karatasi za printa tu.

Tusimcheke sana. Hakupita chuo chochote. Aliingia pale kama karani wa kuingiza taarifa, akajifunza mwenyewe kwa kuuliza, kuharibu na kutengeneza, na sasa ulikuwa mwaka wa sita. Aliyejifunza kazi mwenyewe hana cheti cha kumtetea ukutani. Anayo kazi yenyewe, basi, na ukiigusa hiyo umemtia kidole cha jicho.

Mwanzoni skripti ile iliyaficha maswali na kuyafuta majibu yake papo hapo. Halafu siku moja mama mmoja wa stoo, mwenye mwili wake na sauti yake, aliandika maelezo ya makreti yaliyovunjika kwa muda wa nusu saa nzima. Kidole kikamteleza, akabofya Hapana badala ya Tuma. Kisanduku kikajiondokea kwa adabu zake. Alipobofya Ndiyo kirudi, kikarudi kitupu. Alipanda ngazi zote tatu kwa miguu, akasimama mlangoni kwa fundi akihema.

"Wewe! Maneno yangu umeyapeleka wapi?"

"Mama, ulibofya Hapana."

"Nimekuuliza nilichobofya? Nimekuuliza maneno yangu yako wapi!"

Fundi alitukanwa yake yote siku ile, na ya ukoo wake akagawiwa. Mama wa stoo alipoondoka, fundi aliufuta ule mstari mmoja uliokuwa ukisafisha kisanduku. Tangu siku hiyo kisanduku kikifichwa kilijificha na maneno yake, na ukibadili nia ukarudi ungeyakuta yamekusubiri. Mama wa stoo alimletea soda. Ofisi nzima ikapumua.

Lilibaki jambo moja. Mtu akituma fomu kisanduku kikiwa kimefichwa, maneno yaliyomo nayo yalitumwa, yakaenda kukaa huko zinakokaa taarifa zote. Fundi alilijua hilo. Alilijua kama mtu anavyoujua msumari uliochomoza kwenye mlango wa nyumba yake: ataugonga siku moja, na kwa sasa kila mtu anapita salama. Nani angekwenda kusoma majibu ya maswali yaliyofichwa?

Sasa njoo kwa dada yake. Alikuwa mdogo wake, na walizaliwa wawili tu. Alifanya kazi hapo hapo, karani wa kupokea mizigo katika ghala la pili. Kwa miaka tisa alikaa nyuma ya kaunta na kalamu, muhuri na daftari, na madereva walimpenda kwa kuwa hakuwacheleweshea karatasi zao. Tangu ana miaka kumi na sita alikuwa na kifafa. Alimeza kidonge asubuhi na kingine jioni, na mara ya mwisho kuanguka ilikuwa miaka minne nyuma, jikoni kwa mama yao. Kazini hakuna aliyejua, kwa sababu kanuni ya kampuni ilisema mwenye ugonjwa wa kuanguka haajiriwi ghalani, hata kama kazi yake ni kugonga muhuri akiwa amekaa kitini. Aliyeitunga kanuni hiyo alikuwa ameshastaafu. Kanuni yenyewe haikustaafu.

Mikataba ilihuishwa kila mwaka kwa karatasi, watu wanatia saini bila kusoma. Mwaka ule mkuu wa utumishi, mwanamke mrefu waliyemwita Bi Kanuni asipokuwepo, aliamua ihuishwe kwa fomu ya kompyuta. Alileta maswali yake, fundi akayapamba. La tisa liliuliza: Je, una ugonjwa wowote ambao mwajiri anapaswa kuujua? Ukisema Ndiyo, chini yake kinafunguka kisanduku kilichoandikwa Eleza.

Dada alimpigia simu mchana, fundi akiwa kantini na wenzake.

"Kaka, niko kwenye ile fomu ya mkataba. Swali la ugonjwa."

"Weka Hapana, umalize."

"Nimeshaandika."

"Umeandika nini?"

"Yote. Nilivyoanza, dawa ninazokunywa, miaka minne sijaanguka. Nimechoka kujificha, kaka. Miaka tisa nakunywa dawa chooni kama mwizi. Nikasema mwaka huu niseme ukweli, liwalo na liwe."

Fundi aliinuka na kusogea dirishani, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Umetuma?"

"Bado."

"Sikiliza, mdogo wangu. Hao hawataki ukweli wako, wanataka kiti chako. Bofya Hapana."

Alimsikia akivuta pumzi. Kisha kicheko kidogo cha mshangao.

"Kimeondoka chenyewe. Taratibu hivi. Ndiyo hiki unachotuimbia kila siku?"

"Ndicho hicho."

"Kizuri, wallahi. Na maneno yangu je?"

"Yamekwenda nacho. Tuma sasa."

Akatuma.

Hakumdanganya, na hilo tulitie maanani kabla hatujamhukumu. Alisahau. Dakika ile ule msumari haukumjia kabisa, kwa sababu dada yake alikuwa amekisifia kisanduku chake, na miaka yote sita hakuna mtu wa nyumbani kwao aliyewahi kuisifia kazi yake wala kuielewa. Sifa zikishaingia sikioni, mengine yanakosa pa kupita. Alirudi mezani akamalizia chakula chake kwa raha.

Wiki tatu baadaye Bi Kanuni alimwita. Alikuwa ameifungua ripoti ya mikataba kwenye skrini, jedwali refu la watu mia mbili na ushee, safu baada ya safu, na alikuwa ameisogeza mpaka ukingoni kabisa mwa kulia, ambako hakuna mtu aliyewahi kufika.

"Fundi, njoo hapa. Hawa wamejibu Hapana. Lakini tazama kwenye Eleza."

Fundi alitazama. Walikuwa watu kumi na mmoja. Mmoja aliandika mgongo, mwingine aliandika najaribu tu, mwingine macho. Mstari wa saba ulikuwa mrefu kuliko yote, na hakuhitaji kusoma jina.

"Yaani waliandika ukweli, wakaogopa, wakageuza," Bi Kanuni alisema. Alikuwa akimtazama kwa namna ambayo hajawahi kumtazama. "Nawe fomu yako ikawashika. Miaka yote nakuona mtu wa kupamba pamba tu, kumbe umetutegea mtego wa maana."

Hapo ndipo palipokuwa pahali pa kusema: huu si mtego Bi, ni kosa langu, na maneno hayo hayakupaswa kufika hapa. Ni sentensi moja, hata mtoto angeisema. Yeye alisema, "Ahsante, Bi."

"Usiuguse. Uache ulivyo."

"Sawa, Bi."

Dada aliandikiwa barua ya kuitwa mbele ya kikao cha nidhamu, Jumatano saa nne asubuhi. Kosa lake halikuandikwa kuwa ni ugonjwa, maana hilo lingesikika vibaya. Liliandikwa kuwa ni kutoa taarifa za uongo.

Jumapili walikutana kwa mama yao, kama kila Jumapili. Mama alikuwa akikunja nguo kitandani, mlango wazi, nao wakakaa sebuleni na ile barua katikati yao.

"Yalibaki," fundi alisema. "Maneno yako. Kisanduku kikifichwa hayafutiki."

"Ulisema yamekwenda."

"Nilisahau."

"Fomu umeitengeneza wewe."

"Najua. Nilisahau, mdogo wangu."

Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliikunja barua mara mbili, akaikunjua, akaipapasa ikanyooka.

"Basi mimi nitakana. Nitasema nilijaza Hapana tangu mwanzo, hayo mengine siyajui, mfumo umechanganya yangu na ya mtu mwingine. Nimeuliza watu. Hawana cheti cha daktari, hawana chochote, wana maneno ya kwenye kompyuta tu. Nawe watakuuliza, maana fundi ni wewe. Sema inawezekana. Sikuombi uongo mrefu. Inawezekana, basi."

"Nitasema."

"Neno moja tu, kaka."

"Nimekuambia nitasema. Nikuapie?"

Mama alitokea mlangoni na shuka mkononi. Hakuwa amesikia yote, ila mzazi hahitaji yote.

"Mmesikilizana?"

"Tumesikilizana, Mama."

"Mmoja akianguka mwenzake amshike. Sikuzaa wengine mimi."

Jumatano waliketi kwenye chumba cha mikutano, pale ambapo kiyoyozi kilikuwa kikidondosha maji ndooni. Bi Kanuni alikaa kichwani mwa meza. Kulia kwake alikaa msimamizi wa ghala la pili, mtu mpole, ambaye alikuwa akiitazama meza muda wote kwa aibu. Dada alikaa peke yake upande wa pili, amevaa gauni lake la kijivu la kazini. Na kulikuwa na mgeni: mtaalamu kutoka kwa wauzaji wa ile programu, mwenye miwani na kompyuta nyembamba, aliyekuja wiki ile kwa ukaguzi wa mwaka na Bi Kanuni akamwomba akae nao.

Dada alikana vizuri. Sauti haikumtetemeka. Alijaza Hapana, akatuma, hayo mengine hayajui.

"Ulijaza mwenyewe, au kuna mtu alikusaidia?" Bi Kanuni aliuliza.

Fundi alishusha macho. Aliikumbuka ile simu ya kantini.

"Nilijaza mwenyewe," dada alisema.

Ndipo mtaalamu akaomba neno. Alizungumza bila haraka huku akifuta miwani kwa ncha ya tai.

"Bi, kusema kweli mimi siwezi kumlaumu huyu dada. Programu yetu ilipotoka kwetu haikuwa na mambo haya. Kuna mtu amebandika skripti zake za kienyeji juu ya fomu zetu. Tunayaona kila mahali. Mtu anajifunza kidogo mtandaoni, anaanza kuficha hiki, kufungua kile, mwishowe taarifa za Juma anazo Hamisi. Mimi nisingeamini hata neno moja lililomo humo. Ushauri wangu, futeni zote, tuwawekee fomu safi."

Msimamizi wa ghala aliinua uso kwa mara ya kwanza, na usoni mwake palikuwa na kitu kama nafuu. Dada alimgeukia kaka yake. Mlango ulikuwa umefunguliwa na mtu wasiyemjua wala kumwomba, ukawa wazi kabisa, na kilichobaki kilikuwa ni kupita.

"Fundi," Bi Kanuni alisema. "Ni kweli? Mfumo wako unaweza kuchanganya maneno ya huyu na ya yule?"

Inawezekana. Alikuwa nalo mdomoni. Alikuwa amelifanyia mazoezi bafuni, na sauti aliyoichagua ilikuwa ya unyonge kidogo, ya mtu anayekiri kwa shida. Lakini alikuwa akimtazama yule mtaalamu, aliyekuwa bado anafuta miwani yake na hajamtazama hata mara moja. Skripti za kienyeji. Mtu amejifunza kidogo mtandaoni. Miaka sita ya kula mezani na kompyuta, wiki nzima ya mwendo wa kisanduku kimoja, na huyu ameingia juzi na anamwita "mtu".

"Hapana," alisema.

Alijisikia akilisema, na hakusimama.

"Haijawahi na haiwezi. Kila neno limefungwa na namba ya mtumishi aliyeliandika, na saa aliyoliandika, mpaka sekunde. Huyu mheshimiwa hajafungua hata skripti moja, anasema tu. Ngoja niwaonyeshe." Alikwishaigeuza kompyuta kuwaelekea, vidole vinamwenda mbio. "Huu hapa mstari wa saba. Namba yake hii. Alianza kuandika saa saba na dakika sita mchana. Akabofya Hapana saa saba na dakika kumi na mbili. Akatuma saa saba na kumi na tatu. Yangechanganyika, hizi zisingelingana. Skripti zangu hazijawahi kupoteza hata herufi moja ya mtu."

Mtaalamu alivaa miwani, akainama, akasoma. Akatikisa kichwa polepole.

"Haya, nimekosea mimi," alisema. "Kazi safi hii."

Na nitasema ukweli, maana hadithi ya kumficha mtu haina faida: neno lile lilimwingia tamu. Kwa muda wa pumzi moja Fundi Fomu alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote chumbani. Kisha akamwona dada yake. Alikuwa hatazami mtu. Alikuwa akiirudisha kalamu yake mkobani na kufunga zipu, kama afanyavyo mwisho wa zamu.

"Bi, subiri," fundi alisema. "Kosa ni langu. Kisanduku kikifichwa kilipaswa kujisafisha. Mimi ndiye niliyeuondoa mstari wa kukisafisha. Hayo maneno hayakupaswa kuwafikia ninyi kabisa."

"Hatuulizi yalipaswa kutufikia au la," Bi Kanuni alijibu, wala hakusema kwa ukali. "Tunauliza aliandika au hakuandika. Nawe umeshatuambia."

"Na mimi ndiye niliyemwambia aweke Hapana! Alinipigia simu!"

"Fundi. Ni dada yako, tunajua. Kaa."

Walimwelewa kuwa ni kaka anayejitwika mzigo wa mdogo wake, wakamhurumia. Msimamizi wa ghala alimmiminia maji. Aliyoyasema ya kumwangamiza dada yaliaminiwa yote, na ya kumwokoa hayakuaminiwa hata moja. Mdomo uliponza kichwa, wahenga wamesema, ila hawakusema inakuwaje kichwa kikiwa cha mwingine.

Ukumbini alimkimbilia, akamshika mkono karibu na ngazi.

"Mdogo wangu, sikukusudia. Yule mtu alinitukana."

Dada aliutoa mkono wake, taratibu, bila kuunyakua.

"Neno moja, kaka," alisema, akashuka.

Alipewa wiki ya kukabidhi kazi. Wiki hiyo fundi alipata barua yake naye, yenye nembo ya kampuni, ikimpongeza kwa uadilifu, kwamba hakujali undugu alipotakiwa kusema kweli. Skripti hazikufutwa. Mtaalamu aliomba nakala ya ile ya kuficha visanduku, akawaonyeshe wenzake. Fundi aliitia barua kwenye droo, chini ya karatasi za printa. Hakuichana, na hilo pia tuliseme.

Anayeondoka kazini hujaza fomu. Hiyo nayo aliitengeneza yeye, zamani, na aliiona nzuri: vifaa ulivyorudisha, funguo, kitambulisho, na mwisho kabisa swali la hiari. Je, ungependa kutuachia maoni? Ukisema Ndiyo, kinafunguka kisanduku. Ijumaa jioni ripoti ya wiki ilifika kwenye skrini yake, na waliokuwa wameondoka ni mmoja.

Muhuri, umerudishwa. Daftari, limerudishwa. Funguo mbili za kabati, zimerudishwa. Maoni: Hapana.

Alikaa akiitazama ile Hapana. Kisha akaisogeza ripoti kwenda kulia, kulia zaidi, mpaka ukingoni ambako hakuna mtu anayefika.

Kaka, najua wewe ndiye utakayefungua huku. Jumapili usije kwa Mama, nitakuwepo mimi. Nimemwambia umebanwa na kazi. Nawe useme hivyo hivyo akikuuliza. Hilo unaliweza.

Pembeni yake kulikuwa na namba yake ya utumishi na saa. Alianza kuandika saa tisa na dakika mbili. Alibofya Hapana saa tisa na dakika ishirini na moja. Dakika kumi na tisa kwa mistari ile michache. Alifuta mara ngapi, hapo skripti haikuhifadhi.

Fundi aliisoma mpaka macho yakamwuma. Hakuna herufi iliyopotea. Hakuna neno lililochanganyika na la mtu mwingine.

Jumapili mama yake alipiga simu saa nne, akauliza kama ni kweli hafiki, maana mwenzake ndivyo alivyomwambia.

"Nimebanwa na kazi, Mama," alisema.